Nani Aliitunza Barua Hii?

Hotuba kwa wanafunzi wa utunzaji wa nyaraka, Unguja

Assalamu alaykum. Wakubwa zangu, shikamooni. Nanyi vijana, hamjambo?

Mwalimu wenu aliponipigia simu alinitaka nizungumzie umuhimu wa kumbukumbu. Nikamwambia, mwalimu, mada hiyo kila mgeni rasmi ameshaisema, na vijana wameshaisinzilia vya kutosha. Niache nizungumzie barua. Akauliza, barua zipi? Nikamjibu, za Wamarekani. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Mzee, umekaa masijala miaka 31, yote Tanga na Pangani, leo unatuletea Wamarekani?"

Naam, nawaletea Wamarekani. Mtu aliyekaa masijala muda mrefu hupata maradhi fulani. Mpe barua ya zamani, hasomi kwanza kilichoandikwa. Anaigeuza nyuma. Anatafuta mhuri wa kupokelewa, namba ya jalada, alama ya kalamu ya bosi pale pembeni, tundu la pini iliyoota kutu. Anajiuliza: hii imefikaje hapa? Nani aliishika akaona isitupwe? Nilipostaafu, maradhi hayo hayakustaafu pamoja nami. Usingizi wa wazee mnaujua, unakatika saa nane za usiku. Basi nikawa nasoma kwenye simu, nimejilaza, barua za watu wa Marekani, maana wenzetu wale wamezipandisha kwenye intaneti kwa maelfu na maelfu, bure, picha ya mwandiko upande huu na maandishi ya kusomeka upande ule. Nilianza na wakubwa wao, marais na majenerali. Nikaishia kwa mtu asiyejua kuandika. Nitafika kwake.

Nianze na mwanamke aliyechoma.

George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, na mkewe Martha walioana mwaka 1759, wakaishi pamoja miaka 40, mpaka mzee alipofariki Desemba 1799. Miaka minane ya hiyo bwana yuko vitani, anapigana na Waingereza kudai uhuru, na barua zinakwenda na kurudi. Kabla ya kufa kwake mwaka 1802, Martha alizitia moto karibu zote. Wanahistoria wanamlaumu mpaka leo. Mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kuzuia karatasi zisichomwe, simlaumu sana. Mumewe alikwisha kuwa mali ya taifa. Sura yake, farasi wake, hata meno yake ya bandia, kila kitu ni cha watu. Yeye amebakiwa na mafungu ya karatasi, akaona hizi hapana, hizi zangu.

Lakini chache ziliponyoka. Mbili zilikutwa kwenye deski lililofika mikononi mwa mjukuu wake. Zilikuwa zimejibana nyuma ya droo. Moja iliandikwa Philadelphia tarehe 18 Juni 1775, siku tatu baada ya Bunge la makoloni kumteua Washington kuwa mkuu wa jeshi. Anamwambia mkewe kwamba hakuitafuta kazi hiyo, kwamba alijitahidi kuikwepa, na kwamba mwezi mmoja nyumbani pamoja naye ungempa raha kuliko angekaa ugenini miaka saba mara saba. Anamwarifu kuwa ameandikisha wasia. Anamtuliza kwamba atarudi salama msimu wa majani kupukutika. Kisha, chini kabisa, baada ya wasia na vita na kuagana, anaongeza: nimekununulia melimeli ya nguo mbili, nimeambiwa ndiyo nzuri kupita zote, natumaini itakupendeza. Na bei anaitaja, shilingi 50 nguo moja.

Sasa nyinyi mnaosomea kazi hii, niambieni. Hiyo ni barua rasmi au ya binafsi? Mngeifungulia jalada gani?

Nyumba ya pili ni kinyume cha hiyo. John Adams, aliyekuja kuwa rais wa pili, alikuwa Philadelphia kwenye Bunge hilo hilo. Mkewe Abigail kabaki Braintree, Massachusetts, na watoto wanne, na shamba, na bei za vitu zinazopanda kila wiki. Barua zao zilizosalia ni zaidi ya 1,100. Sisi husema barua ni nusu ya kuonana. Basi hawa walionana nusu nusu kwa miaka na miaka.

Tarehe 31 Machi 1776 Abigail anamwandikia mumewe. Waingereza wametoka Boston wiki mbili tu nyuma. Anampa habari za nyumba yao ya mjini: alikaa humo daktari wa kikosi cha Waingereza, kaiacha chafu mno, ila haikuharibiwa. Mambo ya ufagio na ndoo. Na katika barua hiyo hiyo, pasipo kubisha hodi, anamwambia: katika sheria mpya mtakazotunga, wakumbukeni wanawake. Msiwape waume madaraka yasiyo na mpaka. Kumbuka, wanaume wote wangekuwa madhalimu kama wangeweza. Na mkitupuuza, sisi nasi tutaasi, hatutajiona tumefungwa na sheria ambazo hatukuwa na sauti ndani yake.

John alimjibu tarehe 14 Aprili. Alisema hana budi kucheka. Haya, akacheka. Haki ya wanawake kupiga kura iliingia katika Katiba ya nchi hiyo mwaka 1920.

Barua hiyo ni maarufu, mtaikuta kila mahali. Mimi nawapeleka kwenye nyingine ambayo watu hawainukuu, kwa sababu haina maneno ya kuchonga kwenye jiwe. Ni ya tarehe 2 Juni 1776, mwezi mmoja kabla ya Azimio la Uhuru. John anamweleza Abigail kwamba siku zote hakuwa na desturi ya kubaki na nakala za barua zake, lakini sasa amenunua daftari kubwa tupu, na barua anayomwandikia ndiyo ya kwanza kuingia humo. Naye anamshauri aziweke barua mahali pa salama.

Niliposoma hapo nilikaa kitako kitandani. Mtu huyu ana nchi ya kuasisi, kamati zimemjaa kichwani, na bado amekwenda dukani kununua rejista! Nimefanya kazi na maofisa waliokuwa na kamati moja tu, na rejista wakasema watanunua mwaka ujao wa fedha.

Tena Adams alishaonja uchungu wa barua kupotelea njiani. Mwaka uliotangulia, Julai 1775, barua zake mbili zilinaswa na Waingereza, wakazichapisha gazetini. Katika moja alikuwa amemteta mjumbe mwenzake bila kumtaja jina: tajiri mkubwa mwenye akili ndogo. Kila mtu akajua ni John Dickinson. Adams mwenyewe kaandika katika shajara yake jinsi walivyokutana barabarani Philadelphia baadaye. Walipishana karibu viwiko vigusane. Adams akavua kofia, akainama. Dickinson akapita na kiburi chake, kofia haikutikisika. Hata shikamoo imekatika kwa sababu ya bahasha moja.

Hizo barua za John na Abigail zilikaa mikononi mwa ukoo. Mjukuu wao, Charles Francis Adams, alianza kuchapisha za bibi yake mwaka 1840, na mwaka 1956 ukoo ukakabidhi nyaraka zake zote kwa Chama cha Historia cha Massachusetts, kule Boston. Watoto, wajukuu, vitukuu, kila kizazi kinapokea makasha na hakisemi tutupe uchafu huu tupate nafasi ya kabati. Hilo kwangu ni kubwa kuliko Azimio lenyewe, lakini mimi ni mtu wa masijala, msinisikilize sana hapo.

Kuna barua ya Abraham Lincoln, rais wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Kaskazini na Kusini, ambayo haikufika popote. Vita vya Gettysburg vilipiganwa tarehe 1 hadi 3 Julai 1863, Jenerali Meade akashinda. Jenerali Lee wa Kusini akarudi nyuma, mto Potomac umefurika mbele yake, na Lincoln anasubiri kusikia kwamba kakamatwa na vita vimekwisha. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Lee akavuka. Siku hiyo hiyo Lincoln akaketi kumwandikia Meade. Alianza kwa kumshukuru kwa ushindi, lakini kadiri anavyoandika hasira zinapanda. Siamini, anasema, kwamba unatambua ukubwa wa msiba huu wa Lee kuponyoka. Fursa yako ya dhahabu imepita, nami nimesononeka kupita kiasi. Alipomaliza aliitia ndani ya bahasha, na juu yake akaandika maneno machache: kwa Jenerali Meade, haikutumwa wala haikutiwa saini.

Sote tumewahi kumwandikia bosi barua ya namna hiyo. Mimi zangu nilizichana vipande, nikavitia mfukoni nikavitupe nyumbani. Lincoln aliifungulia jalada. Baada ya kuuawa kwake nyaraka zikawa kwa mwanawe Robert, aliyezipeleka Maktaba ya Bunge mwaka 1919 na baadaye akaweka sharti: zisifunguliwe kwa umma mpaka ipite miaka 21 tangu siku atakayokufa. Alifariki tarehe 26 Julai 1926. Tarehe 26 Julai 1947 zikafunguliwa. Hapo mtunzaji kashika ufunguo hata akiwa kaburini.

Hawa wote niliowataja walikuwa na deski, na droo, na kasha, na mjukuu msomi. Asiye na droo je?

Twende Dayton, Ohio, tarehe 7 Agosti 1865. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vimekwisha miezi michache. Jourdon Anderson alikuwa mtumwa huko Tennessee. Alipata hati ya uhuru mwaka 1864 kutoka kwa jeshi la serikali kule Nashville, akahamia Ohio na mkewe Mandy na watoto wao. Sasa bwana wake wa zamani, Kanali P. H. Anderson wa Big Spring, Tennessee, amemwandikia arudi, akimwahidi kumtendea mema kuliko mtu yeyote awezavyo. Barua hiyo ya Kanali hatuisomi popote. Tunaijua kwa jibu lake tu.

Jourdon hakujua kuandika. Yeye alitamka, mwingine akashika kalamu, na aliyemsaidia ni Valentine Winters, mwenye benki hapo Dayton na mpinzani wa utumwa. Jibu likachapishwa katika gazeti la Cincinnati, na kabla Agosti haijaisha gazeti la New York Tribune likalirudia. Gazeti ndilo lililokuwa droo ya Jourdon.

Sikilizeni anavyoanza. Nimeipata barua yako, anasema, nikafurahi kuona hujamsahau Jourdon. Mara nyingi nimekuwa na wasiwasi juu yako. Nilidhani watu wa Kaskazini wangekuwa wamekunyonga zamani. Japo ulinifyatulia bastola mara mbili kabla sijaondoka kwako, sikutaka kusikia umeumia, na nafurahi kwamba ungali hai.

Mtu wa pwani akisikia hivyo anajua yuko wapi. Hiyo ni adabu yenye sindano ndani.

Kisha anampa hali. Napata dola 25 kwa mwezi, pamoja na chakula na nguo. Mke wangu hapa watu wanamwita Bibi Anderson. Watoto, Milly, Jane na Grundy, wanakwenda shule, na mwalimu asema Grundy ana kichwa cha mhubiri. Sasa nieleze, utanilipa kiasi gani, nipime kama yafaa kurudi.

Halafu anakuja kwenye hesabu, na hapa nawaomba mchukue kalamu. Mandy, anasema, anaogopa kurudi bila ushahidi kwamba utatutendea haki, kwa hiyo tumeonelea tupime ukweli wako kwa kukuomba ututumie mishahara yetu ya wakati tuliokutumikia. Mimi nilikutumikia kwa uaminifu miaka 32, na Mandy miaka 20. Kwa dola 25 kwa mwezi kwangu, na dola mbili kwa wiki kwa Mandy.

Miaka 32 ni miezi 384. Mara 25, ni dola 9,600. Miaka 20 ya Mandy ni wiki 1,040. Mara mbili, ni 2,080. Jumlisha. Ni dola 11,680, na ndiyo jumla iliyo ndani ya barua. Nilizipiga mwenyewe usiku ule, pembeni ya gazeti la siku iliyopita, senti haikupotea. Anaendelea: ongeza riba ya muda wote mishahara ilipozuiwa, na toa ulichotumia kwa nguo zetu, na daktari aliyekuja kuniona mara tatu, na jino la Mandy lililong'olewa. Iliyobaki itume kwa kampuni ya kusafirisha, Adams's Express, kwa anwani ya V. Winters, Dayton.

Jino! Mtu anadai mishahara ya miaka 32 na anakumbuka kupunguza gharama za jino. Nimepitisha hati za madai maelfu, sijaona iliyonyooka kama hiyo. Kanali angefanya nini nayo? Kuibishia hesabu hawezi. Akikataa, amekiri.

Mahali pamoja mzaha unakatika ghafla. Anauliza kama mabinti zake Milly na Jane watakuwa salama wakirudi, kwa kuwa sasa wamekuwa wakubwa na ni wazuri wa sura. Unajua, anasema, yaliyowapata Matilda na Catherine, maskini. Afadhali nibaki hapa nife njaa kuliko mabinti zangu kuaibishwa na ukatili wa mabwana vijana. Mistari mitatu minne tu, na haelezi zaidi, kwa sababu anayeandikiwa anajua.

Na mwisho wake ni huu: nisalimie George Carter, na mshukuru kwa kukunyang'anya bastola ulipokuwa ukinifyatulia.

Wapo waliosema mtumwa asiyejua kusoma hawezi kutunga maneno hayo, lazima ni ya mzungu mwenye benki. Watafiti waliopekua rejista za sensa walimkuta Jourdon na familia yake Dayton, watu halisi. Lakini mimi sikuhitaji sensa. Nilikuwa na bibi yangu.

Bibi yangu Pangani hakujua kusoma wala kuandika, si kwa Kiarabu wala kwa Kizungu. Ami yangu alikuwa Mombasa, bandarini. Nikiwa darasa la tatu, kila mwisho wa mwezi naitwa barazani na daftari. Naandika: ama baada ya salamu, hali zetu ni njema, sijui wewe hali yako. Kisha bibi anaanza. Naye alikuwa na ulimi. Mwaka mmoja ami alikaa miezi mitano hajaleta kitu, bibi akasema: "Mwambie nimesikia Mombasa kuna njaa, kama yuko katika wanaokula mizizi anijulishe nimpelekee muhogo." Mimi kwa utoto nikaona aibu, nikaandika, bibi anakuomba umkumbuke. Akanitaka nimsomee. Nikasoma nilichokiandika. Akaniangalia. "Huyo si mimi," akasema. "Futa. Weka muhogo wangu." Kwa hiyo mtu asinieleze habari za asiyejua kuandika kwamba hana maneno yake. Anayeshika kalamu ni karani tu.

Na makarani nao tuwape haki yao. Tarehe 6 Novemba 1940 mvulana mmoja wa shule, Santiago de Cuba, alimwandikia Rais Roosevelt kwa Kiingereza cha kuokoteza. Anampongeza kwa kushinda uchaguzi, anamwita rafiki yangu mwema, na anamwomba noti ya dola kumi ya kijani, kwa kuwa hajawahi kuiona. Anasema ana miaka 12. Kwa tarehe ya kuzaliwa inayojulikana, 13 Agosti 1926, alikuwa na 14. Anajitolea pia kumwonyesha machimbo makubwa ya chuma, kama Rais anahitaji chuma cha kujengea meli zake. Saini: Fidel Castro, yule aliyekuja kuitawala Cuba. Alijibiwa barua ya shukrani, dola hazikuwemo. Sasa fikirini yule karani wa mwaka 1940. Mezani pake kuna barua ya mtoto anayeomba pesa, moja kati ya magunia. Angeweza kuikunja akaitupa kwenye kapu. Akaigonga mhuri, akaiweka mahali pake, na leo iko Hifadhi ya Taifa ya Marekani. Jina la karani hatulijui, na ndivyo kazi yetu ilivyo.

Nije hapa hapa Unguja, nisije nikaambiwa nimepita nyumba ya jirani bila kusalimia. Tarehe 21 Septemba 1833, kule Muscat, Sayyid Said bin Sultan alitia saini mkataba wa urafiki na biashara na Marekani, na mjumbe wao Edmund Roberts. Mwaka 1837 akafika Unguja balozi mdogo wao wa kwanza, Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Huko ndiko ilikotoka merikani, kitambaa alichovaa babu wa kila mmoja wetu, na huko ndiko zilikokwenda pembe zetu na sandarusi yetu. Waters alikuwa balozi asubuhi na mchuuzi mchana, au zote mbili kwa pamoja. Shughuli zake za forodha zilipitia kwa Jairam Shivji, aliyekodi forodha ya Unguja, na karatasi zake zinachanganya serikali na bei kama Washington na melimeli yake.

Mwaka 1840 Sayyid Said alituma merikebu yake, Sultana, mpaka New York. Ilitia nanga tarehe 30 Aprili, mjumbe akiwa Ahmad bin Naaman, na ndani mna barua kwa Rais Martin Van Buren pamoja na zawadi: farasi, lulu, marashi ya waridi. Rais akaingia katika shida, maana Katiba yao haimruhusu kupokea kitu kwa mfalme wa nje bila idhini ya Bunge. Kukataa zawadi ya muungwana nako kunaleta ubaya, na hilo hamna haja ya kuelezwa. Barua zikaenda, zikarudi, mpaka Bunge likaruhusu vitu viuzwe na fedha ziingie Hazina. Farasi wameshakufa zamani. Barua za mabalozi wadogo waliokaa hapa, tangu 1836 mpaka 1906, zimepigwa picha kwenye mikrofilamu kule Washington, na za wafanyabiashara wapo waliozihifadhi huko Massachusetts. Kijana atakayeandika historia ya Forodhani mtaa kwa mtaa atalazimika kuomba karatasi Massachusetts. Sisemi hivyo kwa kinyongo. Basi kidogo.

Na msidhani huko hakuharibiki kitu. Tarehe 12 Julai 1973 jengo la kumbukumbu za wanajeshi, karibu na St. Louis, liliwaka moto. Majalada kati ya milioni 16 na milioni 18 yaliteketea. Yaliyopona moto yakalowa maji ya zimamoto, na mengi yakakaushwa ndani ya chumba kilichotolewa hewa. Askari wazee wakabaki wanathibitisha utumishi wao kwa vyeti vya mkononi na barua walizowaandikia mama zao.

Mimi yangu haikuwa moto. Ilikuwa mchwa. Nilihamishiwa ofisi moja, sitaitaja, nikakuta kabati la mbao limeegemezwa ukutani, majalada yamepangwa vizuri, namba zinasomeka. Ndani mlikuwa na kumbukumbu za malipo ya vibarua. Siku moja akaja mzee, kafanya kazi miaka 14, anatafuta uthibitisho apate stahili yake. Nikatafuta namba, nikaliona jalada, zima kabisa. Nikalishika. Kidole kikazama. Ndani ni udongo, laini, mwekundu, umejengwa vichuguu vidogo vidogo kufuata umbo la karatasi. Mzee alisimama upande wa pili wa kaunta akiniangalia nikijifuta vidole. Nikamwambia aje kesho. Kesho yake alikuja, na sikuwa na cha kumpa. Niliposoma hesabu ya Jourdon, miaka mingi baadaye, yule mzee ndiye aliyenijia.

Ami yangu wa Mombasa alifariki miaka sita iliyopita. Wanawe walipogawana vitu walinipigia simu, wakasema kuna kopo la biskuti limejaa karatasi zenye mwandiko wa mtoto, je, walitupe? Nikapanda basi siku ile ile. Barua zote zimo, kila mwisho wa mwezi, zimefungwa kwa uzi wa katani. Ile ya muhogo imekunjwa mara nyingi kuliko nyingine, mikunjo yake imechanika, inaonekana aliisoma na kuisoma. Nimekuja nazo. Ziko kwenye meza ile karibu na dirisha, na kopo lake. Karibuni mzione, wawili wawili, mikono iwe mikavu, na vikombe vya chai muviache huku.